Sare ya Ndugu Wawili

Wapendwa, kulikuwa na ndugu wawili waliokutana kwenye mashindano ya sataranji. Mnaijua sataranji? Ule mchezo wa wafalme na farasi, wachezaji wanakaa kimya mpaka unadhani wamegombana. Hawa walikuwa wamegombana kweli. Tangu walipobishana mama yao azikwe kijijini au mjini, hakuna aliyemsalimu mwenzake.

Kura ikawakutanisha meza moja. Kaka mtu akapata kete nyeupe, na mwenye nyeupe ndiye anayeanza. Akasogeza askari wa pembeni. Mdogo wake akasogeza wa pembeni vilevile. Kaka akatoa farasi, mdogo naye farasi. Kila alichofanya huyu, yule alikiiga. Hakuna aliyethubutu kushambulia. Wakabadilishana kete tu, moja kwa nyingine, mpaka ubao ukabaki karibu mtupu.

Kaka akasema, "Sare?"

Mdogo akamtazama usoni, akajibu, "Sare."

Wakapeana mkono, maana sheria ya mchezo inataka hivyo. Mkono wa mdogo ulikuwa wa moto. Kaka aliuhisi, akauachia, akaenda zake akijisifu kwamba hakushindwa.

Mwezi haukuisha, akaitwa msibani. Mjane wa mdogo wake akamwambia, "Shemeji, mwenzangu hakuwa mtu wa mashindano. Alijiandikisha alipoona jina lako. Akasema, 'Kaka akiniuliza tu hali, nitamwambia naumwa.'"

Kaka akajishika kichwa. "Na mimi nilikuwa nangoja anisalimie yeye. Si mimi ndiye mkubwa?"

Mnaguna? Msimgunie yeye peke yake. Sisi ndio hao hao. Hujaja kwangu, siji kwako. Hujapiga simu, sipigi. Halafu tunasema tunaishi kwa amani, kwa kuwa hakuna anayepiga kelele. Amani gani hiyo? Hiyo ni sare tu, na inaniuma, kwa sababu nimezika wengi walioondoka nayo. Kwenye ubao sheria ilimtaja wa kuanza. Nyumbani kwako unangoja nani akutaje?

Muda si mrefu nitasema tupeane amani, nanyi mtageuka kumshika mkono mnayempenda. Yupo mama hapa ambaye dada yake amekaa kule karibu na mlango. Sitamtaja. Mama, usingoje niseme. Inuka sasa hivi, uende. Ibada itakusubiri.