Mwizi wa Moto wa Betri

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani yenyewe si ya mbali, wengine wenu mlikuwa mmekwisha kuota ndevu. Hapo zamani palikuwa na kijiji juu kabisa milimani kule Upare, ambako barabara ya kushuka hospitali ina kona hadi masikio yanaziba. Jina la kijiji silitaji. Nikilitaja mtakwenda kuwacheka, na mimi sikuja kuchekesha. Nimekuja na hasira zangu, na nitaondoka nazo, labda mmoja wenu anipe jibu.

Kijiji kile kilikuwa na gari la wagonjwa. Walilinunua wenyewe, kwa tangawizi. Akina mama waliteremsha tangawizi kichwani msimu baada ya msimu, shingo zikauma, mpaka gari likapanda mlima. Siku lilipofika walilivisha maua kama bibi harusi. Na wiki ileile Mwenyekiti Senzota akafungisha spika ya matangazo juu ya paa, maana alikuwa amechoka kuita watu kwa pembe. Waya wa spika akataka ufungwe moja kwa moja kwenye betri, ili aweze kutangaza hata kama ufunguo hana. Ukafungwa.

Lilikuwa gari zuri. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: likilala, asubuhi haliwaki. Ukizungusha ufunguo linasema tk, tk, tk, halafu kimya.

Wakaitwa watu. Watu wakasukuma, dereva akaachia klachi, gari likawaka. Kesho yake haliwaki. Watu wakasukuma, likawaka. Keshokutwa haliwaki. Watu wakasukuma, likawaka.

Sasa, Wapare mnawajua kwa msaragambo, ile kazi ya wote: ikiitwa, kila mtu anatoka, na asiyetoka anasemwa mpaka ajute. Barabara wanalima kwa msaragambo, shule wanajenga kwa msaragambo, mfereji wanazibua kwa msaragambo. Basi na kuwasha gari nako kukawa msaragambo. Wakatunga na wimbo wake. Mwimbishaji alikuwa Eliapenda, bwana mmoja mwenye kifua na sauti ya kutoboa ukungu. Kila mkutano mtu alipouliza kama gari lishushwe mjini likachunguzwe, Eliapenda alisimama akasema, "Ya nini? Watu tupo." Watu wakapiga makofi. Watu tupo. Mlisikia wapi watu wakijivunia ubovu?

Siku moja moja walimwita fundi. Fundi alikuwa Kiangi, fundi wa umeme wa magari, mwenye banda pale njia panda chini ya mlima. Kiangi akapanda, akafunua boneti, akagusa betri, akasema betri imekufa. Akaweka nyingine. Ikafa. Akapanda tena, akasema betri imekufa. Akaweka nyingine. Nayo ikafa. Jamani, kama kila mgeni anayelala nyumbani kwako anakutwa maiti asubuhi, utaendelea kuwalaumu wageni? Kiangi aliendelea kuzilaumu betri.

Kisha dereva, jina lake Mbazi, akagundua dawa. Jioni akichomoa waya mmoja wa betri, na asubuhi akiurudisha, gari linawaka lenyewe, mara moja, bila kusukumwa na mtu. Hapo ndipo mtu mwenye akili angepiga kelele kwamba kuna kitu kinakula moto wa betri usiku. Mbazi alinyamaza. Kulikuwa na minong'ono ya kutafuta dereva mwingine, na sasa watu walianza kusema gari linamjua Mbazi, gari linamtii Mbazi, akilala nalo Mbazi linaamka zima. Akilichukua mtu mwingine, ni kusukuma. Sifa hizo zilimkaa vizuri mdomoni, akazitafuna polepole.

Basi ukuta wa ndiva ukabomoka. Ndiva ni lile bwawa lao la kukingia maji ya mashamba, liko juu karibu na msitu. Jioni ile Mwenyekiti Senzota akachukua gari mwenyewe, akazunguka akitangaza: kesho alfajiri msaragambo, kila mwenye mikono apande ndivani. Alipomaliza akaliegesha mbele ya ofisi yake, mahali tambarare, akaenda kulala. Waya wa betri hakuuchomoa. Angeuchomoaje, wakati hakuna aliyemwambia kwamba huwa unachomolewa?

Asubuhi kijiji kizima kikapanda. Wakabaki wazee wasiojiweza, wajawazito, nesi wa zahanati, na Mbazi, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa karibu na gari.

Jua lilipokolea, Nakijwa, mke wa Eliapenda, akashikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Nesi akampapasa tumbo, uso ukambadilika. Mtoto amekingama tumboni, akasema, hili si la hapa, ashushwe hospitali akafanyiwe upasuaji, na ashushwe sasa hivi.

Mbazi akakimbia ofisini. Akazungusha ufunguo. Tk, tk, tk. Akakumbuka spika. Akashika kipaza sauti awaite watu washuke, akapuliza, akaita. Hakuna kitu. Spika ilikuwa inakula betri ileile, na betri ilikuwa tupu. Na pembe, lile la zamani, lilikwisha kutupwa.

Wakasukuma watatu: Mbazi, nesi, na mama mkwe wa Nakijwa, bibi mwenye mgongo mbovu. Gari likatikisika kidogo, likarudi lilipokuwa. Nakijwa alikuwa ndani, amelala chali, anawasikia wakihema nje. Mbazi akaacha kila kitu akapanda mlima mbio.

Wanaume waliposhuka, matope hadi kiunoni, walisukuma mara moja tu. Likawaka papo hapo. Mnasikia? Papo hapo.

Nakijwa alifika hospitali akiwa hai. Mtoto hakufika.

Baada ya mazishi ukaitishwa mkutano, na Kiangi akaitwa apande na vyombo vyake. Safari hii alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alichomoa waya wa betri, akaweka kibalbu kidogo kati ya ule waya na kichwa cha betri. Gari limezimwa, milango imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa Mbazi. Kibalbu kikawaka. Watu wakakitazama kikiwaka. Kiangi akachomoa fyuzi moja, kinawaka. Akachomoa nyingine, kinawaka. Akazimaliza zote, kinawaka. Ndipo akaufuata kwa vidole ule waya uliopita pembeni, uliokwenda kwenye mashine ya spika chini ya kiti. Akaufungua. Kibalbu kikazimika. Kumbe mashine ile ukiizima sauti, yenyewe haizimiki, inaendelea kunyonya usiku kucha. Hayo ndiyo yote. Chai iliyobandikwa jikoni wakati anaanza ilikuwa haijachemka.

Wazee wakataka kuyamaliza kwa upole. Wakasema sote tumekosa, kijiji kimekosa, tumpelekee Nakijwa mbuzi na pole yetu. Nakijwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono ameificha chini ya kanga. Akasimama.

"Mbuzi sitaki," akasema. "Na huyo Sote simjui. Nyumba yake iko wapi, nikampigie hodi? Nataka mtu mmoja asimame hapa aseme, ni mimi. Akisema, nitampa mkono mbele yenu, na nitarudi nyumbani kwangu, na yatakwisha. Asiposema, simpi mkono mtu yeyote wa kijiji hiki, kwenye harusi wala kwenye msiba. Nitarudi kwa baba yangu."

Kisha wakaanza, na mngewasikia mngetamani kuziba masikio.

Mwenyekiti Senzota akasema, "Mama, spika niliifunga kwa ajili yenu. Kipindupindu kilipoingia, niliwaonya kwa spika ileile, na wengi mliokaa hapa mko hai kwa sababu yake. Umeme wa magari sikuusomea. Aliyeusomea yupo. Kosa si langu."

Kiangi akasema, "Mimi naitwa nikiambiwa leta betri. Naleta betri. Siku zote gari linalala huku juu, mimi nalala kule chini. Aliyekuwa analala nalo ndiye aliyejua kwamba linanyonywa, na hakunitamkia hata neno. Angenitamkia, ningeleta kibalbu. Kosa si langu."

Mbazi akasema, "Mikononi mwangu gari halikushindwa kuwaka tangu nijue dawa yake. Siku ile halikuwa mikononi mwangu. Na si niliwaomba funguo zisichukuliwe ovyo, mkanicheka? Nimepanda ule mlima mbio hadi nikatapika damu. Kosa si langu."

Ndipo Eliapenda akasimama. Hakuna aliyelitarajia. Sauti ile ya kutoboa ukungu ilikuwa imekatika. Akasema, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyesema watu tupo. Kila walipotaka kulipeleka likachunguzwe, mimi ndiye niliyewazuia. Nipe mkono, mke wangu, turudi."

Watu wakashusha pumzi. Mwenyekiti akaanza kuitikia kwa kichwa. Kiangi akaanza kukusanya vyombo vyake. Mbazi akatazama chini. Nakijwa akawaona wote watatu wanavyopata nafuu, na hasira ikampanda upya. Akamwita mumewe kwa jina, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Eliapenda, kaa chini. Wewe nawe umefiwa. Unasema 'ni mimi' ili hawa waende kula."

"Lakini ni kweli," Eliapenda akasema.

Mikono ya Nakijwa ikabaki chini ya kanga. Akakunja mkeka wake, akaondoka kwa njia ya kwao, na hakuna aliyejua kama alimkataa mumewe kwa kuwa hana kosa, au kwa kuwa kosa lake ndilo lililomuuma kuliko makosa ya wengine wote.

Haya, mmesikia. Msiniambie sote, jibu hilo amelikataa mwenye mtoto. Yupo aliyefunga waya bila kuuliza. Yupo aliyebadilisha betri na hakuwahi kutafuta kinachoziua. Yupo aliyejua akanyamaza apate kuhitajika. Na yupo aliyewafundisha watu kusukuma, akakubali kosa peke yake, akanyimwa mkono. Chagueni mmoja, na mkimchagua mnitazame machoni. Je, nani alistahili kusimama mbele ya Nakijwa, na mkono ule ulikuwa wa nani?