Moto Ukitangulia, Mguu Hulia

"Moto ukitangulia, mguu hulia." Mmemsikia bibi yenu akisema hivyo sasa hivi, mkacheka, mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Siwezi kuwatuma kwa mtu mwingine. Yalianzia kwenye mguu wangu huu uliopinda.

Siku hizo nilikuwa natembea nchi, leo hapa kesho kule. Msimu ule wa korosho nilikaa kwa rafiki yangu Kazembe, ng'ambo ya mto Muhuwesi. Pikipiki ilikuwa moja kijiji kizima, kuukuu, ya Fundi Chilumba. Alasiri moja alikuwa ameibadilishia platini, vile visahani viwili ambavyo vikiachana ndipo cheche inaruka kwenye plagi. Kilichobaki ni kuipangia cheche wakati wake. Alitumia karatasi ya sigara. Unaibana katikati ya platini, unazungusha gurudumu la sumaku polepole huku unaivuta. Inapoachia, alama ya gurudumu iwe imekutana na alama ya injini. Ikiachia mapema, cheche itawaka pistoni ingali inapanda. Moto utaisukuma irudi, na kiki, ile pedali ya kuwashia, irudi nayo.

Hayo nayajua leo. Siku ile sikutaka kuyajua.

Yowe lilitoka shambani. Asumini, mke wa Kazembe, alikuwa akiokota korosho, akakanyaga kifutu, nyoka mwenye sumu, akamgonga mguuni. Kazembe alimleta mgongoni, akamlaza karibu na pikipiki. Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa pikipiki. Kazembe alichukua mkaa, akachora mstari pale uvimbe ulipofika, juu kidogo ya kifundo.

Kabla Chilumba hajazungusha gurudumu mara ya pili, uvimbe ulikuwa umeuvuka mstari. Kazembe akachora mwingine. Mkaa ukamvunjikia mkononi.

"Fundi, kaza twende!" nikasema.

"Bado, bwana mdogo. Karatasi imeachia kabla ya alama."

"Kabla kiasi gani?"

"Upana wa ukucha."

"Ukucha! Mtu anakufa hapa, wewe unapima kucha?"

"Shemeji," Asumini akaniita kwa sauti ndogo, "mwache fundi."

Nilimwangalia. Fizi zilikuwa zinamtoka damu. Hofu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamnyang'anya fundi bisibisi, nikakaza platini mwenyewe, nikaruka juu ya kiki kwa uzito wangu wote.

Ilirudi kama teke la punda. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu.

Basi wakawa na wagonjwa wawili. Pikipiki ilianguka, petroli ikamwagika, ikabidi watafute nyingine nyumba kwa nyumba. Jua likashuka. Mistari ya mkaa ikafika mitano, wa mwisho gotini.

Chilumba alilegeza nilichokaza, akaanza upya. Hakuna aliyemhimiza. Akazungusha, akavuta, akarudisha nyuma, akavuta tena. Karatasi ikaachia juu ya alama.

"Kazembe, piga kiki."

Kazembe aliutazama mguu wangu, akarudi nyuma hatua moja. "Itarudi?"

"Haitarudi."

"Apa."

"Siapi. Karatasi imeshasema."

Akafumba macho, akakanyaga. Ikanguruma papo hapo. Chilumba akaendesha, Asumini akawekwa kati, Kazembe akamshikilia kwa nyuma. Mimi nililala mchangani nikisikiliza mlio ule mpaka ukapotea. Kila uliposhuka nilidhani umezimika.

Asubuhi Chilumba alirudi kunichukua. "Yu hai," akasema. "Wamemkata vidole viwili vya mguu. Saa nzima ile tuliyochelewa ndiyo iliyovila."

Kupanga cheche kungemchukua muda wa kusokota sigara.

Tulirudi kijijini mwezi uleule, Asumini na fimbo yake, mimi na yangu. Siku moja Kazembe alitaka kuipua ugali haujaiva. Asumini akanitupia jicho, akamwambia, "Taratibu, baba. Moto ukitangulia, mguu hulia." Wote wakacheka, maneno yakashika njia.

Wanaocheka hudhani ni mguu wangu unaosemwa. Mimi nafahamu ni wa nani. Moto ukitangulia, mguu hulia.