Kikapu cha Mama Mkwe

Paukwa!
Pakawa!
Itikieni kwa nguvu, hata ninyi watu wazima mnaojifanya mmesinzia.

Hapo zamani za kale palikuwa na kisiwa cha ndege. Panya wakaingia. Wakala mayai, wakala makinda, wakala hata mizizi. Kisiwa kikabaki kipara. Ndege wakapigana nao mpaka panya wa mwisho akatoka. Wakapanda nyasi upya, wakajenga viota upya. Wakaweka sharti moja: mgeni asimame kwanza kwenye fungu la mchanga, akung'ute mbawa, akung'ute mzigo. Ndipo avuke.

Mwongoza wageni alikuwa Shakwe. Mkewe alikuwa akiatamia yai lao la kwanza.

Siku moja wakaja wageni kutoka bara, kutembezwa kisiwa kilichofufuka.

"Kung'uta!" Shakwe akamwambia Korongo. Korongo akakung'uta. Pa! Pa! Pa!

"Kung'uta!" akamwambia Kitwitwi. Kitwitwi akakung'uta. Pu! Pu! Pu!

Wa mwisho alikuwa mama mkwe wa Shakwe, na kikapu cha nyasi laini za kutandika kiota cha bintiye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Na mimi nikung'ute?"

Jamani, angeitikia tu!

"Aka, mama! Nikupekue wewe? Uso wangu nitauweka wapi? Pita."

Kitwitwi akanong'ona, "Kaka, sharti ni sharti."

"Nyamaza. Wewe huna mkwe."

Wakatembea, wakaona nyasi, wakaona viota, wakasifu. Kikapu kikawekwa kando ya yai. Ndani yake, kwaru. Kwaru.

"Nini hicho?" mke akauliza.

"Nyasi zinakauka," mama akajibu. Hakujua, maskini.

Jioni mke na mume wakamsindikiza mama mpaka kwenye mchanga. Waliporudi, kiotani palikuwa na ganda tupu. Panya jike alikuwa ameshatoka kikapuni, tena ana mimba.

Akazaa. Wanawe wakazaa. Kisiwa kikawa kipara tena. Ndege wakahama, na mke wa Shakwe akahama nao bila kumuaga.

Shakwe akaruka mpaka bara, akamlilia mama mkwe.

"Nilikuuliza, baba," mama akasema. "Si nilikuuliza?"

Shakwe akarudi peke yake kwenye fungu la mchanga. Mpaka leo yuko pale, analia, "Kung'uta! Kung'uta!" Hakuna mgeni anayekuja.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: ukipewa kulinda uhai wa wenzako, mkague kila mtu, hata yule unayemwonea haya.

Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye mchanga.