Mlima Hauandikwi kutoka Bandarini

"Mlima hauandikwi kutoka bandarini!" Ndivyo Bibi Zambeta alivyomkatiza mtangazaji wa redio aliyekuwa akieleza, kutoka mji mkuu, jinsi watu wa visiwani wanavyoishi. Akaizima redio kwa hasira. Wajukuu zake wakataka kujua maneno hayo aliyatoa wapi. Bibi akavuta kiti, na chanzo alichowaeleza ni hiki.

Zamani maharamia walikuwa wakishuka katika pwani za kisiwa cha Sikamnia na kuzoa watu kama mayai kiotani. Wazee wakaona heri kupanda juu. Wakajenga kijiji cha Anemoria kwa mawe yale yale ya mlima, nyumba zikapeana migongo, na ukuta uliotazama bahari haukutobolewa dirisha hata moja. Aliyekuwa baharini aliona majabali tu. Ndivyo walivyotaka, na ndivyo walivyopona.

Huko juu hakuna chemchemi. Walichonga mwambani birika kubwa la kukinga maji ya mvua, na kila kizazi kikalisafisha na kulipaka chokaa. Ufunguo wake ukaja kushikwa na Evdokia, mjane mfuga mbuzi. Aligawa maji kwa kata, na hakumpendelea hata dada yake wa tumbo moja.

Maharamia walikuwa wamekwisha kusahaulika alipokuja Bwana Aristarko, mpimaji wa serikali, kuchora ramani ya kisiwa na kuandika habari za watu wake. Akafikia bandarini. Akaletewa kahawa na pweza wa kuchoma, akaulizia mambo yake papo hapo kivulini. Wavuvi walimwambia juu kuna kijiji. Akautazama mlima kwa darubini.

"Sioni kitu," akasema, na akaandika: *Majabali matupu. Hakuna wakazi.* Kisha akapanda meli akaenda zake.

Mwaka uliofuata kampuni ya kupasua mawe ikapewa mlima ule, kwa kuwa ramani ilisema hauna mtu. Baruti ya kwanza ililipuka asubuhi, Evdokia akikamua. Mbuzi wakatawanyika, ndoo ikapinduka. Alikimbilia birikani. Ufa ulikuwa umelipasua toka ukingoni hadi chini, na maji ya kiangazi kizima yalikuwa yakipotelea mwambani huku akiyaona. Alijaribu kuuziba kwa nguo, kwa udongo, kwa viganja vyake. Yalipokwisha, hakulia. Alikaza kitambaa chake kichwani, akateremka kwa wapasuaji.

Msimamizi akamwonyesha karatasi. "Mama, hapa hapakai watu."

"Na mimi ni nani?"

"Karatasi haisemi."

Evdokia akaketi juu ya tundu lililokwisha kujazwa baruti. Wanawake wa Anemoria wakamfuata, mmoja mmoja, kila mtu na tundu lake. "Mleteni aliyeandika," akasema. Siku nne hawakubanduka, na waume zao wakapanda na kushuka na punda, wakiwaletea maji ya bandarini yenye ladha ya chumvi.

Siku ya tano Aristarko akashuka melini, akamtumia Evdokia salamu: waje wazungumze chini, kwenye kivuli.

"Chini alikwisha kuzungumza," Evdokia akajibu. "Apande."

Akapanda, saa mbili nzima, jua la mchana likimpiga utosini. Evdokia aliinuka tunduni, akampokea mlangoni mwa kijiji, akampitisha vichochoro vyote. Milango ikafunguka. Wazee, wanawake wenye watoto mgongoni, fundi viatu na nyundo yake mkononi, wote wakasimama wakamtazama. Hakuna aliyemsalimu. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mama, nakuomba maji."

Akampeleka birikani. "Kunywa."

Aristarko akainama, akaona ufa na tope lililokauka. "Hamna kitu humu."

"Lilikuwa na maji tangu enzi za maharamia mpaka ulipokuja wewe. Maharamia hawakutuona, tukapona. Wewe hukutuona, tukakosa hata tone la kumpa mgonjwa."

Yule bwana akapiga magoti, akaanza kuomba radhi.

"Inuka!" Evdokia alimfokea. "Magoti yako yatanifaa nini? Toa kalamu. Andika."

Akaandika, nyumba baada ya nyumba, jina baada ya jina, mpaka jua likazama. Kampuni ikaondoka. Lakini birika halikushika maji tena, na kabla ya mvua za kwanza familia kumi na moja zilifunga milango yao, zikahamia bandarini. Dada yake Evdokia alikuwa mmoja wao.

Miaka miwili baadaye tarishi alileta ramani mpya, pamoja na barua ya Aristarko akiuliza kama sasa amesamehewa. Evdokia aliitafuta Anemoria kwa kidole, akaiona, akamrudishia tarishi ile barua.

"Kamwambie imeandikwa sawa. Msamaha sina. Na awafunze wenzake wanaoshika kalamu: mlima hauandikwi kutoka bandarini."