Muadhini Aliyeapa Kutotazama

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Shamu aliishi muadhini mchamungu aitwaye Dhakwani, Allah amrehemu. Kila alipopanda mnara kuadhini, alijifunga macho kwa kitambaa cheusi. Mnara ule ulikuwa mrefu, na kutoka juu yake nyua za watu zilionekana zote, wanawake wakiogesha watoto, wakisuka nywele, wakilala kivulini bila ushungi. Siku ulipojengwa, majirani waligoma wakasema hawatasali chini ya jicho la mtu. Wakapatana kwamba muadhini ataapa kutotazama, na Dhakwani akaapa. Akapanda ngazi zile kwa kupapasa miaka kumi na saba.

Kisha ukaja msiba. Ndani ya mwezi mmoja nyumba tatu zikaungua, na moto haukuwa wa bahati mbaya, kwani mara zote ulianzia kwenye kuni zilizorundikwa ukutani. Katika ile ya tatu aliteketea mke wa Jundabu mfumanguo pamoja na pacha wake wawili ambao hawajaanza kutembea. Wali, mtawala wa mji, akaapa kumkata kichwa aliyefanya hayo. Akamwita Dhakwani barazani kwake.

"Sheikh," akasema Wali, "katika mji huu wote ni wewe tu unayeweza kuona kila ukuta. Vua kitambaa. Alhamisi njoo uniambie nani anaingia kwa nani, na nani anaficha nini."

"Ewe Wali, nina kiapo."

Jundabu alikuwapo, ameketi pembeni. Nywele za mikono yake zilikuwa zimeungua kwa kuwatafuta wanawe motoni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kiapo chako, Sheikh, kina uzito kuliko watoto wangu?"

Dhakwani akatoka barazani akili imemruka. Akijiambia atatii, aliona nyuso za majirani waliomwamini. Akijiambia atakataa, aliiona mikono ya Jundabu. Nyumbani akamweleza mkewe, akitumaini kwamba yeye angalau angekuwa na upande.

"Tazama, mume wangu," akasema mkewe. "Watu wanakufa." Kisha akainuka akaanza kuanua nguo zake uani.

"Mbona unaanua? Hazijakauka."

"Zitakaukia ndani. Ukishaanza kutazama ya wenzio, na mimi ni mwenzio vilevile."

Basi ikawa kama hakupewa shauri lolote, maana amepewa yote mawili.

Jumatatu adhuhuri alipanda macho wazi. Alikuwa amejipa moyo kwamba anatazama kwa ajili ya usalama wa waja wa Mungu, na nia yake ilikuwa njema, tusimdhulumu. Alifika kwenye "Hayya alas-swalaa" jicho lake likaangukia ua wa Umaima, mwanamke msokotaji wa nyuzi za sufi ambaye watu walidhani anaishi peke yake. Uani mwake palikuwa na mwanamume mzima amefungwa kamba kiunoni kwenye nguzo, na Umaima amepiga magoti mbele yake anamlisha uji kwa mkono.

Dhakwani akanyamaza. Alipopata sauti tena, badala ya kuendelea mbele, alirudi nyuma kwenye shahada, akakosea, akaanza upya.

Mji mzima ulisikia. Miaka kumi na saba hakuwahi kukosea hata neno moja, na hapakuhitajika mpiga mbiu kuwaambia kwamba leo macho yake yalikuwa wazi. Wanawake walikimbilia ndani. Kufika alasiri nyua zote zilikuwa zimetandikwa mikeka na mashuka makuukuu juu ya kamba, ukuta hadi ukuta. Mji uliokuwa ukiuogopa moto ulijifunika kwa vitu vikavu ili kumkimbia mtu aliyewekwa kuulinda.

Dhakwani aliiona mikeka ile akazidi kuchanganyikiwa. Yule mwanamume ni nani? Mateka? Mgonjwa? Mchoma nyumba mwenyewe? Akisema, askari watavunja mlango, na pengine wamwage damu ya asiye na kosa. Akinyamaza, pengine mji utaungua, na dhambi iwe juu yake. Macho yalikuwa yameona, lakini hayakumweleza kitu.

Baada ya Swala ya alasiri alisimama mbele ya watu.

"Enyi majirani zangu," akasema, "leo nimevunja kiapo. Wali aliniamuru nitazame, na mimi nikakubali, kwa hiyo lawama ni yangu. Nimeona uani kwa mmoja wenu jambo nisilolielewa. Sitalisema, kwa kuwa silijui. Namwomba mwenye nyumba anisamehe."

Habari ikamfikia Wali, naye akawaka. Akampa Dhakwani hadi Alhamisi kutaja nyumba, au aingie gerezani. Dhakwani hakubisha. Alirudi akaandaa nguo zake za gerezani, akasali, akasubiri, na moyo wake haukutulia hata kidogo.

Jumatano asubuhi Umaima alibisha hodi mlangoni kwake, akakaribishwa na mkewe.

"Sheikh, uliyemwona ni ndugu yangu," akasema. "Alishikwa na homa, ilipomwachia ikawa imeondoka na akili yake. Anapenda moto. Nyumba mbili za mwanzo sikujua. Ya tatu, nilisikia harufu ya moshi kwenye kanzu yake. Tangu hapo nimemfunga."

"Na hukusema?"

"Wali ameapa kumkata kichwa. Ningempelekaje? Jumatatu nilijua umeniona, nikangoja askari. Hawakuja. Nikasikia umejifedhehesha mbele ya watu na jina langu hukulitaja." Akalia. "Lakini watoto wa Jundabu hawaniachi, Sheikh. Niambie kwamba nikisema, nitasalimika."

Dhakwani alitamani sana kumwahidi. "Hilo siwezi," akasema. "Ninachokuahidi ni kwamba hutakwenda peke yako."

Wakamchukua yule ndugu, wakaenda wote watatu, na Umaima akamweleza Wali yote. Mbele ya Wali palikuwa na chetezo cha ubani. Yule ndugu alipoyaona makaa alicheka, akanyoosha mkono kuyashika, na Umaima akauwahi mkono wake kama wa mtoto mdogo. Wali alipoona hivyo alikiacha kiapo chake cha kukata kichwa. Akaamuru apelekwe kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili, alindwe, wala asiguswe, yeye wala Umaima.

Kisha akamgeukia Dhakwani. "Umeona? Jicho limetufaa. Endelea kutazama."

"Ewe Wali, jicho lilinionyesha mwanamke amemfunga mtu. Ningekuletea hilo peke yake, leo ungekata kichwa cha nani?"

Wali hakumlazimisha tena.

Nje ya baraza alisimama Jundabu, ameshasikia yote.

"Sheikh," akasema, "kama ungetazama mwezi mmoja kabla, ungemwona akiruka kuta. Wanangu wangekuwa hai."

Dhakwani alikuwa na kiapo chake, na haki ya jirani, na maneno yote aliyomwambia Wali. Hakuona hata moja linalofaa kumwambia mtu huyu.

"Huenda," akasema huku machozi yakimtoka. "Wallahi, sijui."

Jundabu akasema, "Tangu niwazike, kila ajaye ananieleza kwa nini. Wewe ni wa kwanza kuniambia hujui." Akamshika mkono, wakaenda msikitini pamoja.

Ndugu zangu katika imani, wanafunzi huniuliza nani alikuwa na haki, mwenye kiapo au mwenye watoto. Nimekisoma kisa hiki hadi ndevu zimeota mvi, nami hunijia huruma kwa wote wawili. Yule mja mwema hakupewa jibu. Alipewa subira ya kuishi bila jibu, na ukweli wa kulikiri hilo mbele ya aliyefiwa. Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu na kuzilinda, yote mawili, kwani sisi yametushinda kuyakutanisha.