Gari Linalokula

"Paukwa."
"Pakawa."
"Pakawa gari."
"Lije tulione."
"Halina paa."
"Litaloa."
"Basi kaeni vizuri. Mwenye kiu anywe sasa, nikishaanza sisimami."

Hapo kale, Nguchiro alipokuwa binti mdogo, gari jekundu la mashindano lilipita mbele ya shimo lao. Vuuum! Vumbi likamwingia puani. Akapiga chafya, akasema, "Lile nitaliendesha mimi."

Akakua, hajaliendesha. Akaolewa, hajaliendesha. Akazaa watoto, mgongo ukaanza kuuma, hajaliendesha. Lakini hakusahau.

Gari lenyewe likaja kuangukia mikononi mwa Kiboko, mwenye shamba la matikiti kando ya mto. Kiboko alikuwa hagawi kitu. Tikiti likioza, alilila hivyo hivyo ili mwingine asilipate. Gari hakuliendesha, maana lilikuwa na viti viwili na yeye alihitaji vinne. Siku moja akatangaza, "Keshokutwa nang'oa milango, nang'oa na usukani, nijibane humo mpaka niingie."

Nguchiro alikuwa anachagua mchele. Aliposikia hivyo akaweka ungo chini, akajifunga kanga kiunoni, akaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Matikiti sigawi."

"Sikuja kwa matikiti. Nimekuja kuliangalia gari. Nasikia linakula mafuta."

"Linakula?"

"Linakula sana, mzee. Muulize fundi yeyote."

Kiboko akaguna, mmmh. "Mafuta siyapendi. Acha lijilie."

Kesho yake Nguchiro akarudi.

"Shikamoo, mzee. Linakula na tairi."

"Tairi?"

"Njoo uone."

Tairi la mbele lilikuwa limelika upande mmoja, upara mtupu.

"Upande huu limemaliza," Nguchiro akasema. "Linakula kama wewe na tikiti."

Kiboko akaguna, mmmh. "Na likimaliza tairi?"

"Hilo sijui, mzee. Mimi nasema ninachokiona."

Alipoondoka, Kiboko akayasogeza matikiti yake mbali na gari.

Keshokutwa ikafika. Kiboko amekwisha shika mlango, anataka kuung'oa, Nguchiro huyo.

"Shikamoo, mzee. Kabla hujaingia, niliwashe kidogo tulisikie."

Akawasha. Tutututu, gurrr, gurrr. Rejeta ilikuwa kavu tangu masika. Punde si punde moshi ukatoka kwenye boneti, tsssss.

Kiboko akarudi nyuma. "Linafanya nini?"

"Linachemsha."

"Linachemsha nini?"

"Ndani hamna kitu, mzee. Nimechungulia."

Kiboko akalitazama gari. Akalitazama tumbo lake. Akalitazama gari tena.

"Mama, liondoe."

"Nina watoto, mzee. Kitu kinachokula hivi nikipeleke nyumbani?"

"Liondoe, mama. Chukua na matikiti, uwe unalilisha njiani."

"Mangapi?"

"Yanayoenea."

Nguchiro akalizima, akasubiri lipoe, akateka maji mtoni, akajaza rejeta. Akaenda kuwaita watoto. Wakapangana kwenye kiti cha pili, matikiti mapajani. Vuuum! Safari hii vumbi likaingia puani mwa Kiboko.

Wakafika kilima cha kwanza. Gari likakohoa, ko, ko, ko, likazima. Mafuta yamekwisha. Lilikuwa linakula kweli.

"Mama, twende kwa miguu," watoto wakasema. "Tuliache hapa hapa."

"Nani aliache?"

"Sasa tutafanyaje?"

"Shukeni msukume."

"Na wewe?"

Nguchiro akakaza kanga, akashika usukani kwa mikono yote miwili.

"Mimi naendesha."

Wakasukuma, hee-ya, hee-ya, mpaka juu ya kilima. Upande wa pili ni mteremko mpaka nyumbani, na mteremko hauli mafuta.

Funzo la hadithi hii ni kwamba usitamani gari la mwenzako. Na siku zote sema ukweli, kama Nguchiro, ambaye hakusema uongo hata neno moja.

Hadithi imezima hapa. Aliyeipenda aisukume mbele, asiyeipenda aende akaoshe vyombo.