Redio ya Tajiri Singano

Tangu Zamoyoni aweke meza yake ya ufundi sokoni, redio mpya za tajiri Singano zilibaki dukani zikijaa vumbi. Kila aliyeharibikiwa redio alimkimbilia yule mwanamke na bisibisi yake. Asubuhi moja Singano akamfuata pamoja na mwenyekiti wa soko, redio mbovu kwapani.

“Mwenyekiti, huyu anawadanganya watu kwamba kila kibovu hutengenezeka. Basi aitengeneze hii kabla ya adhuhuri. Ikimshinda, ang'oe meza yake aondoke.”

“Mama, umesikia?” mwenyekiti aliuliza.

Zamoyoni aliipokea ile redio. Ilikuwa nyepesi kama kikapu kitupu. Akatabasamu.

“Nimesikia. Ila mnipishe kwanza. Fundi hachunguliwi.”

Adhuhuri soko zima lilimzunguka. Aliiweka redio mezani, akarudi nyuma hatua mbili. Taarabu ikalia, wauza nyanya wakaanza kutikisa mabega.

Jasho lilimtoka Singano. “Uongo! Hiyo haiwezi kulia!”

“Kwa nini isilie, mzee wangu?”

“Haina kitu ndani! Matumbo yake yote nimeyatoa kwa mikono yangu mwenyewe, yako dukani kwenye kopo!”

Mabega yakaacha kutikisika, taarabu ikabaki peke yake. Mwenyekiti akamgeukia tajiri polepole.

Zamoyoni alifungua mgongo wa redio, akatoa simu yake iliyokuwa ikiimba humo, akaizima.

“Ni kweli, haina kitu,” alisema. “Sasa kalete hilo kopo, mzee wangu, niitengeneze.”